Malengelenge ya Pemfigasi: Wakiuliza Kama ni Ugonjwa wa Ukoo

Posa ikishapelekwa, kabla ya kuzungumza mahari, kuna mtu hutumwa kimyakimya kuulizia ukoo: hakuna kifafa huko, hakuna ukoma, hakuna wazimu? Mgonjwa wa pemfigasi, mwenye malengelenge yaliyopasuka kifua kizima na kinywa kilichojaa vidonda, hakosi kutajwa. Mengi yanayosemwa juu yake hayana msingi. Lile lenye msingi kidogo, la kurithi, ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Dhana: Malengelenge hayo yanaambukiza.

Hayaambukizi, hata maji yake yakikumwagikia mkononi. Aliyewahi kuona tetekuwanga au mkanda wa jeshi huona lengelenge akawaza kirusi, lakini hapa hakuna kirusi. Kinga ya mwili yenyewe hutengeneza kingamwili zinazoshambulia desmogleini, yaani protini zinazoshikanisha seli za ngozi kama saruji ishikavyo matofali. Mshiko ukilegea, seli huachana na maji hujaa katikati. Basi mgonjwa asitengewe sahani wala kikombe.

Dhana: Ni wa kurithi, kwa hiyo watoto wake wataugua.

Kwenye kromosomu ya 6 kuna jeni za kundi liitwalo HLA. Kazi yake ni kushika vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli za kinga, zikague: huyu ni wetu au mgeni? Kila mtu ana aina zake, kutoka kwa baba na kwa mama. Baadhi ya aina hizo hushika vipande vya desmogleini vizuri kupita kiasi, na hapo kinga inaweza kumdhania mwenyeji kuwa mgeni. Kwa Wayahudi wa asili ya Ashkenazi, yaani wa Ulaya ya kati na mashariki, aina inayotajwa sana ni DRB1*04:02. Kwa wagonjwa wengine wengi wa Ulaya na Asia ni DQB1*05:03.

Wagonjwa wengi wanazo aina hizi, hilo ni kweli. Ila geuza swali: wenye aina hizi, wangapi wanaugua? Wachache mno. Walio wengi huzeeka bila kuota lengelenge hata moja, na familia zenye wagonjwa wawili ni nadra. Anachorithi mtoto ni uwezekano tu.

Nadhani mkanganyiko mwingine unatokana na epidamolisisi bulosa, ugonjwa tofauti kabisa. Huo ndio wa kurithi hasa: hitilafu iko kwenye jeni ya protini ya ngozi yenyewe, na mara nyingi mtoto huanza kutoka malengelenge tangu utotoni. Ukichanganya magonjwa haya mawili, utamhukumu mtu kwa kosa la mwingine.

Dhana: Basi jeni ndiyo kila kitu.

Twende Brazili, kijiji cha Limão Verde, jimbo la Mato Grosso do Sul, wanakoishi Waterena, jamii ya wenyeji wa asili. Huko takriban watu 3 katika kila 100 wana aina ya pemfigasi inayoitwa fogo selvagem, yaani moto wa porini, kwa jinsi ngozi inavyowaka. Kwa ugonjwa ambao kwingineko ni adimu, hiyo ni idadi ya kushangaza. Wagonjwa wengi wana aina fulani za HLA zinazofanana, na kama mambo yangeishia hapo, mtu angesema ni damu yao.

Lakini watafiti walipopima damu ya wakazi wazima wa kijiji hicho, wasio na ugonjwa, zaidi ya nusu walikutwa na kingamwili dhidi ya desmogleini 1, mojawapo ya zile protini za kushikanisha seli. Jeni peke yake haielezi hilo. Kuna kitu cha mazingira kinachoigusa kinga ya kijiji kizima, na kidole kimeelekezwa kwa wadudu wanaouma. Protini moja ya mate ya usubi inafanana na desmogleini kiasi kwamba kingamwili zilizoandaliwa kwa ajili ya usubi huweza kushika ngozi. Pale maeneo ya Brazili yalipogeuka miji, ugonjwa ulipungua, na jeni za watu hazikuwa zimebadilika.

Dhana: Nikapime vinasaba nijue.

Kipimo cha HLA hakitakuambia kama utaugua. Ugonjwa huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha ngozi kando ya lengelenge na kutafuta kingamwili zilizonasa hapo, pamoja na kupima damu. La muhimu zaidi kujua ni kwamba pemfigasi vulgarisi, aina inayoonekana zaidi kwingi duniani, mara nyingi huanzia kinywani, miezi kadhaa kabla ya ngozi. Vidonda vya kinywa visivyosikia dawa za fangasi vimfikie daktari wa ngozi mapema. Zamani, kabla ya dawa za steroidi, wengi walikufa. Leo kuna hata rituksimabu, dawa inayopunguza seli za kinga zinazozaa kingamwili, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2018, ingawa bei yake si ya kila mfuko.

Dhana: Mtoto amezaliwa na malengelenge, basi mama amemrithisha.

Kuzaliwa hivyo hutokea, mara chache, lakini si kurithi. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma zikamfikia mtoto, kama zinavyopita zile za kumkinga na maradhi. Mtoto hajaanza kutengeneza zake. Za mama zikiisha mwilini mwake, kwa kawaida ndani ya wiki chache, malengelenge hukauka.