Njaa ya Majimaji haikujileta

Nafundisha historia hapa Lindi, na kila tukifika kwenye Vita vya Majimaji nawaomba wanafunzi wafunike kwanza kitabu cha kiada. Si kwamba kimejaa uongo. Miaka iko sawa: Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na kufikia 1907 vita vikawa vimezimwa. Tatizo liko kwenye vitenzi.

Tazama njaa. Chini ya kichwa "matokeo ya vita" utasoma kwamba njaa ilizuka na watu wengi wakafa. Ilizuka, kama kipindupindu. Mwaka juzi binti mmoja mwenye kwao Kipatimu aliniuliza, "Mwalimu, kwani chakula chao kilikwenda wapi?" Nilifurahi sana, maana hilo ndilo swali.

Kilichomwa. Oktoba 1905 afisa wa jeshi la Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimwandikia Götzen, gavana wa koloni, kwamba njaa na dhiki pekee ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Vikosi vikachoma vijiji, vikateketeza mazao yakiwa shambani, vikabeba akiba ya ghalani. Mkulima asiye na mbegu hapandi, kwa hiyo njaa iliendelea kuua hata pale bunduki ziliponyamaza. Wazungu waliouawa walikuwa 15. Kwa upande wetu serikali ya Kijerumani ilikadiria 75,000, wakati wanahistoria wa baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000. Kitabu kinachotoa takwimu moja bila kusema ni nani aliyehesabu kinamnyima mtoto nusu ya habari.

Halafu kuna "sababu za kushindwa", na ya kwanza huwa imani ya maji, yaani dawa iliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi. Hapa nakasirika. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyeigawa dawa hiyo, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Kama watu walipigana kwa sababu ya dawa tu, mbona Wangindo, Wapogoro na Wangoni waliendelea kupigana mganga akiwa kaburini? Maji yaliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya mtawala mmoja. Wajerumani waliwashinda kwa bunduki za rashasha na kwa moto wa ghalani, na hayo ndiyo ningeyaweka juu ya orodha.

Kwa hiyo naandika ubaoni "njaa ilizuka", kisha nawaambia wanafunzi waiandike upya wakitaja mtendaji. Wengi huandika "Wajerumani walichoma chakula". Safari hii kijana mmoja alipinga: waliowasha moto kwa mikono yao wengi walikuwa askari Waafrika, wakiamriwa na maofisa wa Kijerumani. Ni kweli, na darasa likakaa kimya kitambo. Tukaijenga sentensi pamoja, ndefu kuliko ya kitabu, ikiwa na aliyeamuru na aliyetekeleza. Nimewaambia hata kwenye mtihani waiandike hivyohivyo.