Una kivimbe kwenye titi na karatasi ya rufaa mkononi: maswali ya wanaosubiri

Maswali haya ni ya akina mama na akina dada wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: wa Mwanjelwa, wa Tukuyu, wa Mafinga. Wote walipimwa titi zahanati au kituo cha afya, wakaandikiwa rufaa ya kwenda hospitali kubwa, wakaambiwa wasubiri. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mama. Nimeandikiwa rufaa ya kivimbe. Ina maana daktari ameshaona ni kansa, anaogopa tu kuniambia?

Marahaba mwanangu. Hapana. Hakuna daktari anayeweza kusema kwa vidole peke yake kwamba kivimbe ni saratani au si saratani. Kupapasa kunaonyesha kwamba kitu kipo, basi. Jina lake linatafutwa kwa altrasaundi na kwa kinyama, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye kivimbe kikapimwe, na vipimo hivyo mara nyingi havipo pale ulipoanzia.

Vivimbe vingi vya titi si saratani. Kwa binti wa miaka 20 na kitu, mara nyingi ni kile kigumu kinachotelezateleza chini ya kidole kama gololi. Kwa mama aliyekaribia kukoma hedhi, huwa ni kifuko cha maji. Kwa anayenyonyesha, ni maziwa yaliyoziba au jipu. Ila vingi si vyote, na ndiyo maana umeandikiwa karatasi. Na usijipime kwa maumivu: saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa, kwa hiyo "hakiniumi" si habari njema wala mbaya.

Wiki hizi tatu za kusubiri si ndizo zitakazoniua?

Saratani nyingi za titi hukua kwa miezi, si kwa siku. Wiki mbili tatu kwa kawaida hazigeuzi matibabu. Kinachodhuru ni kuchelewa kwa miezi mitatu na kuendelea. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021 kuhusu saratani ya titi, liliweka kipimo cha siku 60: tangu mwanamke anapofika kituoni mara ya kwanza hadi vipimo vyote vikamilike. Matibabu yaanze ndani ya miezi mitatu. Hesabu zako zifanye hapo.

Mimi kinachonitia wasiwasi si foleni, ni rufaa isiyo na tarehe. Naijua safari yake. Karatasi inakunjwa mara nne, inaingia kwenye kava la kadi ya kliniki ya mtoto. Viazi vivunwe kwanza. Kisha kuna msiba Kyela. Kisha Januari, ada na madaftari. Mwezi wa tatu mwenye karatasi anaikuta imechanika kwenye mikunjo, wino umefifia, naye anaona aibu kurudi kwa nesi yuleyule. Huyo hakuwa anasubiri tena, alishapotea njiani, na hakuna aliyejua.

Kwa hiyo kabla hujatoka, uliza: kliniki ya matiti au ya upasuaji ni siku gani, jengo gani, na nipige namba gani nikikwama? Kliniki za madaktari bingwa zina siku zake; ukifika Jumatano na kliniki ni Jumatatu, nauli imekwenda bure. Kumbuka pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inahudumia mikoa saba. Kwenye benchi lile utakaa na mtu wa Sumbawanga na mwingine wa Songea. Tarehe ikishapatikana, iandike kwenye kalenda ya ukutani, palepale wanapoona wote nyumbani. Na karatasi ipige picha kwa simu.

Silali. Nakipapasa kila saa, na naona kinakua.

Dada mmoja alikipapasa chake asubuhi, mchana na usiku mpaka ngozi ikawa nyekundu na titi likaanza kuuma. Akaja mbio akisema kimeanza kusambaa. Ilikuwa ni vidole vyake. Kipapase mara moja kwa wiki ukitoka kuoga, kwa ubapa wa vidole, bila kuminya. Siku nyingine kiache.

Yale makundi ya WhatsApp yenye sauti za "mama fulani alipuuza" yanyamazishe mpaka vipimo vitoke. Ukiamka saa nane usiku na swali kichwani, liandike kwenye daftari, utampelekea daktari. Mchana fanya kazi zako kama kawaida: kivimbe hakiongezeki kwa kulima wala kwa kubeba ndoo, na mtoto anaendelea kunyonya. Chai kavu ya Tukuyu saa tatu usiku nayo ina mchango wake katika kukesha huko. Lakini kama wiki mbili zimepita hulali, huli, unalia kila siku, rudi ulipoandikiwa rufaa useme hivyohivyo. Na hilo ni ugonjwa, lina tiba.

Mume wangu yuko Chunya machimboni. Nimwambie sasa au nisubiri majibu? Na mama mkwe je?

Mtu mmoja lazima ajue, wa kukusindikiza na wa kupokea simu yako ikizima chaji. Akiwa mume, vizuri. Akiwa dada yako, vizuri vilevile. Mwambie maneno manne tu: nimekutwa na kivimbe, nimepewa rufaa, tarehe ni fulani, na hakijajulikana ni nini. Hilo la mwisho lirudie, maana ndilo watu wanalolisahau kwanza. Ukikata simu tu, wameshaanza kukulilia.

Mama mkwe anaweza kusubiri. Hayo ni maoni yangu, wewe unamjua kuliko mimi.

Jirani anasema kisu kikigusa uvimbe unasambaa, bora nibandike dawa ya mizizi kwanza.

Naelewa imani hiyo ilikotoka. Watu wengi walifika hospitali wakati titi limeshatoa kidonda, wakapasuliwa, wakafariki. Waliobaki wakakilaumu kisu. Kumbe ugonjwa ulikuwa umetangulia. Sindano ya kuchukua kinyama haisambazi saratani, na bila kinyama hakuna anayeweza kukuchagulia dawa sahihi.

Dawa ya kubandika na chale zina madhara yake: zinaunguza ngozi, zinaleta usaha, na daktari akitazama hajui alama ipi ni ya ugonjwa na ipi ni ya dawa. Kama ulishabandika, mwambie tu. Maombi hakuna aliyekukataza, ila siku ya kliniki ibaki palepale.

Siku yenyewe inakuwaje?

Vaa sketi na blauzi, si gauni, usije ukavuliwa lote kwa ajili ya titi moja. Mwezi wa sita na wa saba ongeza kanga nzito au sweta, mabenchi ya asubuhi yana baridi. Chukua karatasi zote za nyuma. Andika ulikiona lini kivimbe, hedhi ya mwisho lini, dawa unazotumia (hasa aspirini na za kuyeyusha damu), na kama mama, dada au shangazi aliwahi kuugua titi.

Daktari atakupapasa matiti yote mawili na makwapa. Ukitaka nesi wa kike awepo, omba. Kisha altrasaundi, au mamogramu (picha ya eksirei ya titi) kwa waliozidi miaka 40 ikiwa ipo. Ikihitajika, sindano ya ganzi na kinyama kidogo kama punje ya mchele. Majibu hayatoki siku hiyo: kinyama kinalowekwa kwenye dawa, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba sana, kinatiwa rangi, ndipo mtaalamu anakisoma kwa darubini. Ni siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Majibu yakikawia, usiyageuze kuwa majibu mabaya.

Sina hela.

Uliza mapema kadi yako ya bima inafika hospitali ya ngazi gani. Kama huna bima, pitia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ukiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Nenda huko kabla ya kupanga foleni ya malipo.

Dalili gani nisizisubirie tarehe?

Titi limekuwa jekundu, la moto, na una homa. Usaha au kidonda. Damu kwenye chuchu. Ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, au chuchu imezama ghafla. Titi limevimba ndani ya siku chache. Rudi kituoni siku hiyohiyo, waombe waisogeze rufaa. Ukikosa pumzi, nenda hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku.

Na nikifika nikaambiwa daktari amesafiri?

Hutakuwa wa kwanza. Usiondoke dirishani na "njoo wiki ijayo" ya mdomo. Mpe nesi karatasi yako na kalamu, aandike tarehe mpya juu yake, kisha ipige picha tena.