Tuliuza Prado, Tukanunua Haibridi: Hesabu za Fundi wa Nakuru

Desemba iliyopita tulifika nyumbani Vihiga jioni, watoto wakiwa wamelala huko nyuma. Baba mdogo wa mume wangu akatoka nje, akaizunguka Toyota Fielder yetu mara moja, akainama kutazama chini yake, kisha akaniuliza, "Mama Imani, na lile gari lenyewe mmeliacha wapi?"

"Tuliliuza, baba."

Akanyamaza kidogo. "Poleni," akasema.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Nakuru, na kwa miaka saba sasa kazi inayonilisha ni ya magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Wateja wangu nimewaeleza faida zake mpaka sauti ikakauka. Ila nyumbani tulikuwa na Prado ya petroli, injini ya lita 2.7. Kinyozi hajinyoi. Kilichotuamsha ni Oktoba 2023, EPRA, mamlaka ya nishati, ilipotangaza bei ya mwezi na petroli Nairobi ikapita shilingi 217 kwa lita. Usiku huo Baba Imani alichukua daftari la hesabu la mtoto, tukakaa mezani.

Swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia: hivi Prado hii tuliinunua ya nini? Nikataja mizigo, watoto watatu, usalama barabarani. Akatikisa kichwa. Ukweli ni kwamba tuliinunua kwa ajili ya kilomita tatu. Nyumbani kwao Vihiga, kutoka barabara ya lami hadi boma, kuna kilomita tatu za udongo mwekundu, na mvua ikinyesha huo udongo unateleza kama mlenda. Tunapita hapo mara nne au tano kwa mwaka. Siku nyingine zote Prado ilikuwa inatoka Kiamunyi tunakoishi, inashusha watoto shuleni mjini, inanileta gereji, inarudi. Kama kilomita 270 kwa wiki, nyingi zikiwa za foleni na matuta.

Daftari lilisema hivi. Prado mjini ilikuwa ikitupa kilomita 7.5 kwa lita: lita 36 kwa wiki. Fielder ya haibridi, kwa makisio yangu ya kibahili, kilomita 18: lita 15. Ukiweka petroli shilingi 180, hiyo ni tofauti ya shilingi 3,780 kila wiki. Sikutumia takwimu za Japani, maana kule gari hili lilitangazwa kuwa linakwenda zaidi ya kilomita 30 kwa lita. Takwimu hizo hupatikana kwenye mashine ya majaribio. Mashine hiyo haina matuta ya Kiamunyi.

Sasa nieleze faida hiyo inatoka wapi, kwa sababu kila wiki mtu huniuliza, "Fundi, hili unalichaji wapi?" Hulichaji. Haibridi ya namna hii haina waya wa kuchomeka ukutani. Stima yote iliyomo ndani imetokana na petroli uliyoinunua wewe mwenyewe. Gari halitengenezi nguvu mpya, linaokota tu ile uliyokuwa unaitupa.

Na unaitupa wapi? Kwenye breki. Umechoma petroli kulifikisha gari la zaidi ya tani mbili kwenye kilomita 50 kwa saa, halafu mbele kuna tuta. Unakanyaga breki, mwendo wote ule unageuka kuwa joto la pedi na diski, unapeperuka. Baada ya tuta unanunua mwendo upya. Katika haibridi, ukiachia mafuta au ukigusa breki polepole, magurudumu huizungusha mota, mota hugeuka jenereta, na stima hurudi kwenye betri. Pedi hazifanyi kazi sana mpaka ukanyage kwa nguvu au gari likaribie kusimama. Ndiyo maana pedi za haibridi huniletea biashara kidogo.

Kuna mahali pa pili unapoitupa, napo ni injini kunguruma gari likiwa limesimama. Injini kubwa kama ile ya Prado hula karibu lita moja kwa saa bila kwenda popote. Haibridi huzima. Hata kiyoyozi chake kinaendeshwa na stima, si mkanda wa injini, ingawa Kisumu saa nane mchana betri hushuka haraka na utaisikia injini ikiwaka yenyewe kuijaza. Hilo si tatizo, msinipigie simu.

La tatu ni injini yenyewe. Fielder hii ina injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 74 tu. Vali zake za kuingiza hewa huchelewa kufunga, hewa kidogo inasukumwa nje kabla ya kubanwa, na hivyo kila tone la petroli linakamuliwa zaidi. Gharama yake ni udhaifu wa kuondoka, na hapo ndipo mota ya farasi 61 inapoingia. Vyote pamoja kompyuta huvipatia kikomo cha farasi 100.

Kwa sisi wa Bonde la Ufa mota ina jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Injini yako ya farasi 100 iliyopimwa pwani, hapa imebaki na 80 na kitu. Mota haivuti hewa, haijui kama iko Mombasa au Mau Summit.

Lakini nisije nikaonekana nauza magari. Safari ya magharibi ndiyo inayoonyesha mpaka wa teknolojia hii. Ukitoka Nakuru, unapanda Salgaa na Sachang'wan kwa muda mrefu, gari limejaa watu watano na magunia. Dakika chache tu betri imeshuka hadi chini kabisa inaporuhusiwa, na kilichobaki kukuvuta ni ile injini ndogo, inalia kama mashine ya kusaga. Prado ingepanda huku inaimba.

Halafu Kericho unaanza kushuka kuelekea Awasi na Ahero. Watu hudhani hapo ndipo betri inajaa stima ya kukufikisha Kisumu bure. Hebu tupige hesabu. Gari letu likiwa na watu na mizigo lina kama kilo 1,500. Ukilishusha mita 800, nguvu ya mteremko ule ni zaidi ya uniti 3, zile uniti unazonunua kwa tokeni. Sehemu kubwa inachukuliwa na upepo na matairi. Betri yenyewe ni volti 144 kwa ampea-saa 6.5: ukizidisha, haifiki hata uniti 1, na kompyuta hairuhusu ijae kabisa wala iishe kabisa, kwa hiyo unayoweza kuitumia ni chini ya nusu yake. Kwenye mteremko mkali kipimo hujaa kabla watoto hawajamaliza mahindi yao ya kuchoma. Nguvu iliyobaki haina pa kwenda. Ukiweka gia kwenye B, ile ya kushukia mteremko, gari huizungusha injini bila petroli ili ilizuie lisikimbie, na injini hunguruma sana. Wengi huogopa mngurumo ule, wanarudisha D ya kawaida, wanabaki na breki peke yake. Acheni B ifanye kazi yake.

Kwa hiyo barabara kuu hutupa kama kilomita 17 hadi 19 kwa lita, na mjini, penye foleni, karibu hivyo hivyo au zaidi kidogo. Prado ilikuwa kinyume, mjini ndiko ilikotuua. Mtu anayeishi Kericho na kuendesha lami ya wazi kila siku, faida yake ni ndogo kuliko ya mwalimu wa Nakuru anayekwama kwenye mzunguko kila asubuhi.

Haya, betri. Hapa ndipo penye hela.

Fielder ya kwanza tuliyotaka kuinunua ilikuwa kwenye yadi moja, siitaji. Safi, kilomita 68,000 kwenye dashibodi, hakuna taa ya onyo hata moja. Nilichomeka mashine yangu ya kusoma hitilafu. Hitilafu zilizohifadhiwa: sifuri. Ila majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe yalikuwa yote "hayajakamilika". Maana yake kumbukumbu ilikuwa imefutwa muda si mrefu, pengine asubuhi ile ile. Nikamwomba kijana wa yadi twende nalo barabara ya Menengai, ule mpando wa kuelekea kwenye kasoko. Betri ya gari hili ina moduli 20, yaani vipande vya betri, kila moja volti 7.2, zimeungwa kwa mstari mmoja. Betri nzima ikibebeshwa mzigo, volti za moduli zote hushuka pamoja kama watu wanaoinama kwa sala. Hii, sehemu moja ilianguka peke yake, zaidi ya volti moja chini ya wenzake, na feni ya betri ikaanza kuvuma. Tulikuwa hatujafika nusu ya mlima. Nikamrudishia kijana ufunguo, nikamwambia asante.

Wapo wanaonunua gari la hivyo na kubadilisha moduli moja iliyokufa. Mimi huikataa kazi hiyo, hata kama mtu anataka tu kuliuza gari. Ukifunga jembe la ng'ombe, mmoja kijana na mwingine mzee, mfereji utapinda, na yule mzee atalala chini kabla ya saa nne. Moduli ndivyo zilivyo. Weka mpya kati ya kumi na tisa zilizochoka, na baada ya miezi michache unarudi kwangu na nyingine imekufa.

Mwishowe tuliagiza Japani, ya 2017, tukisoma karatasi ya mnada mstari kwa mstari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka 8, kwa hiyo haibridi nyingi zinaingia betri ikiwa imeshafanya kazi miaka sita au saba. Si ugonjwa, ni umri. Tulichofanya nyumbani ni kuchukua nusu ya akiba ya petroli, shilingi 8,000 kwa mwezi, na kuitia sacco kwa jina la betri. Baba Imani anaiita karo ya mtoto wa nne.

Adui mkubwa wa betri hii ni joto, na joto huletwa na watoto. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na hupumua kupitia tundu lenye wavu hapo hapo karibu. Nimefungua magari ambayo tundu hilo limezibwa na sweta la shule, vumbi la Njoro, nywele za mbwa, na mara moja chapati iliyokauka kabisa. Feni inavuta, hakuna hewa, moduli za katikati zinaiva. Imani ana miaka tisa, na kazi yake Jumamosi ni kupitisha brashi kwenye wavu ule.

Betri ndogo ya volti 12 nayo isisahaulike. Haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu, lakini ikifa gari zima limekufa. Ukiazimwa stima na jirani, hakikisha chanya na hasi mara mbili, kwa sababu ukizigeuza unaweza kuunguza inveta, kile kifaa kinachoigeuza stima ya betri iwe ya mota, na hapo utalia. Nyaya za rangi ya machungwa, zile za umeme mkali wa betri kubwa, usiziguse kamwe. Hata mimi mwenye glavu za mpira huchomoa plagi ya usalama na kungoja dakika 10 nzima kabla ya kufungua chochote.

Tulichopoteza? Kimo. Askari wa lango la hoteli moja mjini siku hizi hutuuliza tunakwenda wapi, zamani alikuwa akipiga saluti. Tulipoteza pia uwezo wa kupita maji: mto Nyando ukifurika kule nyanda za Kano, Fielder inasubiri kando ya barabara na wenzake, kwa maana betri ya chini ya kiti na maji ya mafuriko havijuani. Watu wamenishauri niiinue kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi. Za kiasi hazina neno, lakini ukizidisha, ekseli za mbele hukaa upande na buti zake, ile mipira inayozifunika, kupasuka. Nimeiacha ilivyotoka kiwandani.

Na zile kilomita tatu? Kukiwa kukavu tunapita polepole, Baba Imani akiwa ametoa kichwa dirishani kuangalia mawe. Mvua ikinyesha, mama mkwe humpigia kijana wa boda mapema, naye huja na wenzake wawili. Gari linabaki kituoni, nje ya duka la jamaa yetu, na sisi tunapanda, watoto katikati, kuku na unga kwenye boda ya tatu. Shilingi 100 kila pikipiki. Baba mdogo bado anasema poleni.