Fukuza Kocha, Halafu?

Kila timu ya Uingereza ikianza kuvuta mkia, vibanda vya mpira hapa Malindi, kuanzia Shella hadi Maweni, hutoa hukumu ile ile: kocha apigwe kalamu. Kuchambua mechi na kufundisha wakufunzi ndiyo kazi yangu, na hukumu hiyo nimeijibu kwa vipande vipande, katikati ya mechi, kelele zikiwa juu, hadi nimechoka. Leo naijibu kwa ukamilifu.

Shabiki anayeumia simlaumu. Kuiona klabu uliyoipenda tangu utotoni ikipoteza nyumbani mbele ya timu iliyopanda daraja juzi ni uchungu wa kweli. Ninachopinga ni dawa inayotolewa kabla ya mgonjwa kupimwa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayorukwa. Chukua timu dhaifu lakini si mbovu kabisa: robo ya mechi zake inashinda, robo inatoka sare, nusu inapoteza. Huo ni wastani wa pointi 1 kwa mechi, yaani pointi 38 kwa msimu wa mechi 38, na mara nyingi pointi 38 zinatosha kubaki ligi kuu. Sasa rusha sarafu mara 38, upande mmoja uwe kichapo. Uwezekano wa kupata vichapo 4 mfululizo mahali fulani ndani ya msimu huo unazidi asilimia 70. Vichapo 5 mfululizo, unazidi asilimia 40. Hapo hakuna aliyekosea jambo jipya. Kocha ni yule yule, wachezaji ni wale wale, mazoezi ni yale yale. Ni bahati imelala upande mmoja kwa wiki tano, na wiki ya sita uongozi unaitisha kikao.

Kocha hafukuzwi timu ikiwa kwenye wastani wake. Anafukuzwa ikiwa chini kabisa ya wastani. Timu iliyo chini ya wastani wake, usipoigusa, kwa kawaida itapanda kidogo. Mgeni akiingia wiki hiyo, mavuno anayachuma yeye, na kibandani watu wanaambiana, "Si tulisema?" Hapa ndipo ninapokosa subira. Ushindi wa kwanza wa kocha mpya hauthibitishi kwamba wa zamani ndiye aliyekuwa ugonjwa. Kuna jambo jingine ambalo hakuna anayelitazama: ratiba. Angalia mechi tano za mwisho za aliyeondoka, kisha mechi tano za kwanza za aliyeingia. Mara ngapi wa kwanza alikutana na Liverpool, Arsenal na Manchester City kwa mkupuo, na wa pili akapokelewa na timu zinazovuta mkia kama yake?

Burnley wanaonyesha vizuri. Aprili 2022 walimwondoa Sean Dyche, aliyekuwa nao tangu 2012, zikiwa zimebaki mechi 8. Mike Jackson akashika kwa muda: sare na West Ham, kisha ushindi mara tatu dhidi ya Southampton, Wolves na Watford. Pointi 10 katika mechi 4. Mechi 4 zilizofuata zilileta pointi 1. Wakashuka na pointi 35, Leeds wakabaki na 38. Aliyezima televisheni baada ya mechi ile ya Watford bado anaamini kwamba dawa ilifanya kazi.

Msimu uliofuata, 2022-23, ni wa kufundishia. Walioshuka walikuwa Leicester, Leeds na Southampton, na wote watatu walifukuza makocha. Southampton walipita mikononi mwa Hasenhüttl, Jones na Sellés, wakamaliza mkiani na pointi 25. Leeds walimleta Sam Allardyce kwa mechi 4 za mwisho, akapata pointi 1. Lakini ngoja, usishangilie upande wangu haraka. Everton, Bournemouth, Wolves na Crystal Palace nao walibadilisha makocha msimu huo huo, na wote wakanusurika. West Ham wakabaki na Moyes, Nottingham Forest wakabaki na Cooper, nao wakanusurika. Kitendo kile kile kimo kwa walioshuka na kwa waliobaki. Basi kitendo hicho peke yake hakikuelezi kitu.

Na kuna ushahidi unaonisumbua, siufichi. Februari 2017 Leicester, mabingwa wa msimu uliotangulia, walimfukuza Claudio Ranieri baada ya kupoteza mechi 5 za ligi mfululizo. Mwaka huo mpya walikuwa hawajafunga hata bao moja la ligi. Craig Shakespeare akashinda mechi zake 5 za kwanza za ligi, timu ikamaliza nafasi ya 12. Hesabu ya sarafu inaweza kueleza sehemu ya hayo, lakini sithubutu kusema inaeleza yote. Wachezaji walikimbia tofauti, na hilo lilionekana kwa macho. Klabu hiyo hiyo, miaka miwili kabla, ilikuwa mkiani na pointi 19 baada ya mechi 29. Haikumfukuza Nigel Pearson. Ikashinda 7 kati ya 9 zilizobaki na kumaliza na pointi 41. Kati ya visa hivyo viwili, sijui kanuni gani ungeweza kuiandika mapema ikakupa jibu sahihi mara zote mbili.

Ninachojua kwa uhakika zaidi ni kile ambacho kocha anayeingia katikati ya msimu anaweza kukibadilisha, na ni kidogo sana. Kati ya mechi na mechi ana siku tano au sita: moja ni ya kupumzisha miili, moja ya mazoezi mepesi, moja ya safari au maandalizi ya mwisho. Zinabaki siku mbili, labda tatu, za kufundisha. Ndani ya siku hizo atafanya mambo matatu. Kwanza, atashusha timu. Safu ya mabeki iliyokuwa ikisimama karibu na mstari wa kati itarudi hadi mita 10 hivi nje ya boksi lake, viungo wasogee karibu, nafasi kati ya safu na safu isizidi mita 10 au 12. Pili, atamwambia kipa aache pasi fupi na apige mpira mrefu upande mmoja, ambako watu wanne watakuwa wamekusanyika kugombea mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kugombewa hewani. Tatu, kona na mipira ya adhabu: nani asimame mwimo wa karibu, nani wawili wamzuie beki mrefu wa wapinzani asiruke, nani abaki ukingoni mwa boksi. Dakika 20 mara mbili kwa wiki zinatosha kuonyesha tofauti.

Yote matatu yanapunguza mabao ya kufungwa. Mawili ya kwanza pia yanapunguza nafasi za kufunga, maana straika yuko peke yake mita 40 mbele na winga wake wamekuwa mabeki. Sare inaleta pointi 1 na ushindi pointi 3, kwa hiyo sare tatu ni sawa na ushindi mmoja na vichapo viwili. Timu iliyo pointi 6 chini ya mstari wa kushuka daraja haiokoki kwa sare. Na baada ya mechi nne au tano wapinzani wameshatazama video: wanaacha kukimbilia katikati, wanazungusha mpira pembeni, wanamwaga krosi kwenye mwimo wa mbali, na ukuta uliosifiwa unaanza kuvuja. Nadhani hicho ndicho kilichowapata Burnley, ingawa mechi 8 ni chache mno kuapia.

Sasa ugonjwa wenyewe. Timu haianzi kushuka daraja Novemba. Inaanza madirisha matatu au manne ya usajili kabla, na dalili ya kwanza huwa inashangiliwa. Klabu inamuuza kiungo wake bora kwa pesa nyingi, inanunua watatu kwa pesa hizo, na shabiki anahesabu vichwa. Vichwa vitatu, lakini hakuna anayekata mashambulizi mita 30 kutoka golini kama aliyeuzwa. Uti wa mgongo, yaani kipa, beki wa kati, kiungo na straika, unazeeka pamoja kwa sababu ulinunuliwa pamoja. Wote wana miaka 31, wote wana mikataba mirefu, hakuna anayewanunua.

Hapo ndipo swali la kibandani linapokuja: "Kwa nini wasiwauze wabovu?" Kwa sababu ya vitabu vya hesabu za klabu. Mchezaji aliyenunuliwa kwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka 5 anaandikwa gharama ya milioni 10 kila mwaka. Baada ya miaka 2 thamani yake vitabuni ni milioni 30. Akicheza vibaya, sokoni anapata milioni 15, na siku hiyo klabu inaandika hasara ya milioni 15. Kanuni za ligi kuu, kwa misimu mingi, ziliruhusu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa kipindi cha miaka mitatu, na ukizidisha unakatwa pointi. Si vitisho vitupu: msimu wa 2023-24 Everton walikatwa jumla ya pointi 8 na Nottingham Forest pointi 4. Forest walimaliza na pointi 32 na wakabaki kwa sababu tu Luton walikuwa na 26. Kwa hiyo mkurugenzi aliyekosea usajili mara tatu hana pesa ya kurekebisha, hana nafasi vitabuni, na amebakiwa na mtu mmoja anayeweza kumwondoa kwa siku moja. Huyo ndiye kocha. Fidia yake ni nafuu kuliko beki mmoja wa Januari.

Makosa mawili mengine niyapitie upesi. "Pointi 40 zinatosha." Kwa kawaida zinazidi, lakini West Ham walishuka 2003 na pointi 42, na West Brom walinusurika 2005 na 34. Shabaha yako ni timu ya 17, ya mwisho isiyoshuka; namba haina ahadi. Ndiyo maana tofauti ya mabao, inayotenganisha timu zilizolingana pointi, ina thamani: ukiwa umeshafungwa 2, kichapo cha 2-0 kikiwa 5-0 kinaweza kukushusha Mei. La pili, "Klabu kubwa haishuki." Manchester City walishuka 1938 wakiwa mabingwa watetezi. Manchester United walishuka 1974, miaka sita baada ya kutwaa kombe la Ulaya. Leeds 2004, River Plate 2011, Hamburg 2018, Schalke 2021. AFC Leopards wetu nao waliwahi kuteremshwa ngazi. Tottenham 2025 walimaliza nafasi ya 17, moja tu juu ya mstari, mwezi ule ule walioshinda Europa League. Ukubwa unalipa mishahara tu, haukabi straika.

Je, kuna wakati kocha afukuzwe? Upo, na nitasema dalili zake, maana sitaki mtu adhani natetea makocha kwa kuwa ni wenzangu. Usitazame mpira, tazama sekunde tano baada ya mpira kupotea. Mchezaji aliyeupoteza anageuka kukimbia? Wa pili yake anafunga njia ya pasi, au anainua mikono kulalamika? Wakiacha kurudi wachezaji wawili au watatu, mechi baada ya mechi, hata timu ikiwa bado sare, basi hawamsikii tena, na hapo hata mimi nasema aende. Timu inayorudi kwa kasi lakini inafungwa kwa kona na makosa ya kipa ina ugonjwa mwingine kabisa.

Timu zetu za Malindi zinazocheza uwanja wa Alaskan zinaiga tabia hii, na huku inaumiza zaidi. Mkufunzi anaondolewa baada ya vichapo vitatu ilhali mazoezini walikuwa wanakuja wachezaji wanane, mabeki wawili wako baharini, na nauli ya mechi za ugenini ilipatikana usiku wa kuamkia mechi. Kabla ya kikao cha kumfukuza, mwekahazina alete daftari la mahudhurio. Kama hakuna daftari, basi kikao hakina cha kujadili.

Kwa mashabiki wa vibandani, jambo la saa. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi mechi za Jumamosi alasiri za Uingereza huanza saa 12 jioni kwetu, na Magharibi inaingia ndani ya kipindi cha kwanza. Mtu anarudi kutoka msikitini timu yake imeshafungwa, na anachokiona ni timu inayohangaika kurudisha, ambayo lazima ionekane haina mpango. Nusu ya hukumu ninazozisikia zimetolewa kwa dakika hizo. Akipatikana wa kuandika kwa niaba ya wenzake, aandike.

Aandike nini? Mechi tano, karatasi moja. Mashuti ya wapinzani ndani ya boksi, si yote, ya ndani tu. Mabao yaliyotokana na kona na mipira ya adhabu. Mahali mpira ulipopotea kabla ya kila bao: nyuma, katikati, au mbele. Dakika ya kila bao, maana mabao mengi baada ya dakika ya 70 yanaonyesha benchi tupu au miguu iliyochoka. Na nafasi ya kila mpinzani kwenye jedwali siku hiyo. Ikiwa mashuti ya ndani ya boksi hayazidi 6 au 7 kwa mechi na bado mnafungwa mawili mawili, anzeni na kipa na bahati. Yakiwa 12 au zaidi na mpira unapotelea katikati, tafuteni kiungo aliyeuzwa na mwaka aliouzwa, kisha muangalie ni nani aliyetia saini.