Kodi ya shughuli ni nini? Sio kila kolamu ni kodi

Wiki iliyopita kwenye mitingi ya saiti, ndani ya kontena letu la mabati ambalo saa nane mchana linachoma kama tanuru, injinia mmoja akaniambia mbele ya watu, "Plana, tuongezee kodi ya namba za invoisi kwenye ratiba." Plana ndo mimi, kazi yangu ni kupanga ratiba za ujenzi. Mhasibu akainua kichwa haraka akauliza kodi gani tena, si ile asilimia 18 tumeshaiweka? Watu wakaanza kumuelezea na kila mmoja akaeleza kitu chake, wa kwanza akasema kodi ni ile A1000 iliyo mwanzo wa mstari, wa pili akasema ni kolamu yoyote unayoongeza mwenyewe, wa tatu akasema ni WBS. Nimeyasikia haya hapa Jinja, nimeyasikia Hoima, nimeyasikia kwa wenzetu Wakenya na Watanzania tunaofanya nao kazi, sasa nimeona bora niandike.

Kwa ufupi: kwenye programu ya ratiba kama Primavera P6, kodi ya shughuli ni orodha ya majibu iliyotungwa kabla, na kila shughuli, yaani kila kazi yenye mstari wake kwenye ratiba, inachukua jibu moja tu kutoka humo. Kodi inaitwa Eneo, majibu yake, yaani valyu, ni Bloku A, Bloku B, Nje. Fildi ni nafasi tupu unayoifungua wewe, unaipa jina na aina (maandishi, namba, pesa, tarehe, au ile alama ya rangi) halafu anayekuja anaandika humo anachotaka. WBS ni mti mmoja wa kugawa kazi na kila shughuli inalala kwenye tawi moja. Basi, maana ndo hiyo.

Kinachoniuma ni watu kuchanganya hizo mbili za kwanza, na historia ya maneno yenyewe inasaidia sana kuzitenganisha. Hii kodi ya saitini imetoka Kiingereza, code, haina undugu na kodi ya nyumba wala ya serikali, yamegongana tu masikioni, ndo maana mhasibu alishtuka na alikuwa na haki. Ukilifuata nyuma unafika kwenye Kilatini, caudex, gogo la mti. Warumi walikuwa wanachonga vibao vya mbao, wanapaka nta, wanaandika juu yake, halafu wanavifunga pamoja kwa upande mmoja, na fungu hilo likaitwa codex, baadaye neno likahamia kwenye kitabu, kisha kwenye kitabu cha sheria. Mfalme Justinian alikusanya sheria za Roma kwenye codex mwaka 529, ikatolewa upya 534, na Napoleon akawatolea Wafaransa ya kwao mwaka 1804. Ikaja telegrafu kwenye karne ya 19, na kwa vile ulikuwa unalipa kwa neno, wafanyabiashara wakawa na vitabu ambamo neno moja linasimama badala ya sentensi nzima. Sasa angalia, tangu kwenye sheria mpaka kwenye telegrafu kuna kitabu, na kitabu kimeandikwa kabla wewe hujaja kukitumia. Ukituma neno ambalo halimo kitabuni, aliye upande wa pili hakuelewi.

Fildi nayo ina ukoo wake, tena wa karibu zaidi. Kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na kolamu 80, na watu walikuwa wanatenga kolamu kadhaa kwa jambo moja, tuseme 6 za namba ya mfanyakazi, na kipande hicho wakakiita fildi, kama shamba lililowekewa mipaka. Mipaka ipo, lakini utakachopanda ni juu yako, mihogo, mahindi, hata magugu. Wapo wanaoita uga, nalo neno zuri, manake uga wa nyumbani ni pale patupu mbele ya mlango.

Magugu nimeyaona kwa macho yangu. Kwenye jengo moja la ghorofa, ratiba ilikuwa na shughuli karibu 900, mtu akafungua fildi ya maandishi akaiita Sabkontrakta, na kwa miezi miwili watu watatu wakawa wanajaza. Siku bosi anataka kazi zote za bomba za wiki tatu zinazokuja nikapanga ratiba kwa fildi ile, nikapata kundi la "Plamba", kundi la "Plambing", kundi la "Fundi bomba", kundi la "Mtu wa maji", na chini kabisa kundi lisilo na jina lenye shughuli ambazo hakuna aliyezijaza. Nilikuwa bado naziunganisha, mtu mwingine akachapisha kundi la kwanza peke yake akampa fundi karatasi. Kupima presha ya mabomba ya bafu za ghorofa ya nne kulikuwa ndani ya "Mtu wa maji". Mafundi wa plasta wakafunga ukuta kabla mabomba hayajapimwa. Siku maji yalipofunguliwa nikapanda kuangalia, plasta bado mbichi, ina doa la unyevu linashuka taratibu kama ramani ya Nile, na fundi amesimama na nyundo anangoja ruhusa ya kubomoa kazi ya wenzake. Hakuna mzembe pale. Walichokosa ni kitabu kimoja, yaani kodi, ambayo haikuruhusu uandike unavyotamka, unachagua tu kwenye orodha "BMB, kazi za bomba", yenye maelezo yake na rangi yake, kwisha.

Ukitaka picha ya karibu fikiria taksi paki ya Kampala (taksi huku ni zile matatu). Kila taksi ina steji yake, ya Jinja ni ya Jinja, ya Masaka ni ya Masaka, na steji ziko pale kabla taksi haijaingia, hio ndo kodi. Kama ndani kuna mikungu ya matooke, kuku wawili na godoro, kondakta anaandika anavyojua, hio ndo fildi. Hakuna anayefungua steji ya kuku wawili.

Na hapo ndo ombi la injinia linapokwama. Namba ya invoisi ukiifanya kodi, kila invoisi inakuwa valyu mpya, mwisho wa mwaka orodha ina majibu mia kadhaa na kila jibu lina shughuli moja au mbili tu, sa hapo unakusanya nini? Kodi ipo kwa ajili ya kukusanya. Kabla hujafungua chochote jiulize, nataka kuzikusanya shughuli kwa kitu hiki, au nataka tu kukikumbuka?

Nadhani wengi mchanganyiko tumeubeba kutoka Microsoft Project, programu nyingine ya ratiba, na simlaumu mtu. Kule unapewa fildi tayari, Text1 mpaka Text30, Number1 mpaka Number20, Flag 20 na kadhalika, na fildi hiyohiyo ukiifungia orodha ya kuchagulia inaanza kutembea kama kodi. Mtu aliyejifunzia kule akihamia P6 anakuta milango miwili na anadhani ni mmoja. Tena P6 ina lake, kodi unaweza kuiweka ya mradi mmoja, ya tawi la miradi, au ya databesi nzima, lakini fildi ukiifungua inaonekana kwa kila mradi uliomo kwenye databesi, kwa hiyo ukiiita "Test" au jina lako, wenzako wataishi nalo.

Ile A1000 ni jina fupi la kuitambulisha shughuli tu (Activity ID), P6 inaanzia hapo na kuruka kumi kumi. Wapo wanaosokomeza kila kitu ndani ya jina, bloku, ghorofa, fani na fundi, halafu fundi akibadilishwa jina linadanganya mpaka siku ya kukabidhi jengo. Acha jina liwe jina, hayo mengine yapeleke kwenye kodi, huko yanabadilika bila kuvuruga kitu.

Kwa injinia wangu, nimeshaifungua jana jioni, ndugu yangu, iko chini ya fildi, aina ya maandishi, inaitwa Namba ya Invoisi, andika tu. Ila kama unachotaka ni kujua kazi gani zimelipwa, zipi zinangoja, na zipi hazijapelekwa, hiyo sasa ndo kodi, ina majibu matatu, nayo niambie tu nikuwekee.