Joto la Muscat: usimwache alale, mpoze

Mimi ni nesi hapa Muscat, Oman, na kila Mei ikiingia najua nani watapitia mlangoni kwangu. Waingereza waliohamia kikazi, watu wetu wa Unguja na Mombasa walioishi London miaka na miaka kisha wakaja huku, na madereva, mayaya na watunza bustani wanaofanya kazi kwenye nyumba hizo. Nimeyakusanya maswali mnayoniuliza. Someni hasa hapo kati, maana hapo ndo watu wanapopotelea.

Hata Uingereza joto lilishafika nyuzi 40, mbona huku nateseka hivi?

Kweli lilifika, tarehe 19 Julai 2022 kule Coningsby walipima 40.3. Lakini ile hewa ilikuwa kavu na joto lenyewe lilikaa siku mbili tu likaondoka. Huku linakaa miezi, tena karibu na bahari kuna fukuto. Jasho halikupozi kwa kutiririka, linakupoza likikauka, sasa kama hewa imeshajaa unyevu litakauka vipi? Linachuruzika tu na joto linabaki mwilini. Na usiku haupumziki, kule Quriyat, mji wa pwani hapahapa Oman, tarehe 26 Juni 2018 saa 24 nzima joto halikushuka chini ya 42.6, yaani hata alfajiri.

Mie asili yangu Unguja nesi, joto liko kwenye damu.

Haliko. Mwili unazoea joto kwa kukaa nalo wiki moja mpaka mbili, na ukiondoka unasahau ndani ya wiki chache. Wewe uliyekaa Leicester miaka ishirini unavaa koti mwezi wa tano, kwenye joto la huku wewe ni mgeni sawasawa na jirani yako Mwingereza. Halafu Unguja kuna upepo wa bahari na ni nadra kuvuka 35, usifananishe. Wiki mbili za mwanzo fanya shughuli za nje alfajiri tu, kidogo kidogo, na uongeze kila siku. Ukirudi kutoka likizo ya Uingereza mwezi wa saba, anza upya.

Tenisi saa saba mchana vipi? Nimezoea mazoezi.

Hapa Oman kuanzia Juni mpaka Agosti wafanyakazi wa nje wanapumzishwa saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, kwa sheria. Mafundi wa ujenzi wamekaa kivulini halafu wewe unakimbiza mpira, kwa raha zako! Sina la kuongeza.

Nitajuaje kama joto limeshanidhuru?

Harara ni vipele vinavyowasha, havikuui. Misuli kukaza ya miguu na tumbo, pumzika, kunywa maji yenye chumvi kidogo au ORS (maji ya sukari na chumvi ya kurudisha maji mwilini). Uchovu wa joto ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, jasho jingi, lakini akili iko sawa: ingia ndani, vua nguo nzito, jimwagie maji, kunywa polepole, na kama nusu saa imepita hujapata nafuu njoo hospitali. Kiharusi cha joto ni pale joto la mwili linapopanda mpaka 40 na zaidi na akili ikaanza kuvurugika. Hicho kinaua.

Bosi wangu Mwingereza alikuwa bwawani toka asubuhi, sasa anaongea ovyo anayumba, anasema yuko sawa anataka akalale. Nimwache?

USIMWACHE. Hili ndo swali ninalolisubiri kila mwaka, na kila mwaka linakuja limechelewa. Mtu aliyekuwa kwenye joto akianza kubwabwaja, kugombana bila sababu, kuyumba, kutojua yuko wapi, hajalewa mpaka ithibitike amelewa. Hata kama kweli kanywa, bia na jua ndo vinamaliza watu haraka zaidi. Hawa wenzetu wamelelewa kutolalamika, atakwambia mzima mimi mpaka anaanguka. Msimpeleke chumbani. Msimfunikie shuka. Msiseme akiamka atakuwa poa, maana wengine hawaamki.

Piga 9999, na hapohapo anza kumpoza, usikae kusubiri ambulensi. Mtoe juani, mvue nguo, mwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni kwa feni au hata kwa sinia, wekeni barafu iliyofungwa kwenye taulo shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama kuna bafu la kulala mjazeni maji baridi na barafu mumwingize, mtu mmoja amshike kichwa kisizame. Kama hana fahamu vizuri msimpe kitu mdomoni, atapaliwa. Mnazo dakika chache tu, jitahidini awe ameshapoa ndani ya nusu saa.

Lakini bado anatoka jasho, si ina maana mwili unafanya kazi?

Hapana. Jasho linaweza kuwepo, hasa kwa mtu aliyekuwa anakimbia au anafanya kazi. Nimeona familia nzima imesimama inagusa paji la uso, "mbona ana jasho, hajafika huko". Achaneni na ngozi, angalieni akili. Muulize jina lake, leo siku gani, yuko wapi. Akikosea, mpoze.

Maji ya baridi kwa mtu wa moto si atapata numonia, au moyo utasimama?

Jamani hii imeniletea watu wamefungwa mablanketi mwezi wa sita! Numonia haitoki kwenye ndoo ya maji. Kinachomuua ni lile joto linaloendelea kuunguza ubongo, figo na ini wakati nyinyi mnatafuta maji ya uvuguvugu. Maji baridi. Mengi. Sasa hivi.

Tumpe panadol ishushe homa?

Si homa. Panadol haifanyi kitu hapo na ini lake lina kazi tayari. Mpoze.

Maji ninywe kiasi gani? Na chai?

Ukiwa unafanya kazi kwenye joto, glasi moja kila dakika 15 hadi 20, usisubiri kiu. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji matupu mengi sana yanashusha chumvi ya damu na hapo tunapokea mgonjwa mwingine wa kuchanganyikiwa. ORS ya nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dafu zuri. Chai sio adui. Pombe ndo adui. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Natumia dawa za presha.

Baadhi, hasa zile za kukojoza, zinakukausha maji, na hata baadhi ya dawa za mafua na za msongo zinazuia jasho. Usiache mwenyewe, zungumza na daktari wako kabla ya Juni.

Mtoto kalala kwenye gari, naingia dukani dakika tano tu?

Hapana. Mwamshe alie, nenda naye.

Tulimpoza akapata akili, anaongea vizuri, sasa hospitali ya nini?

Kupimwa damu. Figo, ini na kuganda kwa damu vinaweza kuharibika kesho yake au keshokutwa wakati mtu anakunywa chai anacheka na wageni, na hakuna anayeviona kwa macho. Akishaleta dalili za kuchanganyikiwa hata dakika kumi, anakuja, anapimwa, analala wodini. Akikataa (na Mwingereza atakataa, atasema hataki kusumbua watu) mwambie nesi amesema asumbue, na dereva awashe gari na AC iwe imeshaanza kupoza kabla hajaingia.