Kabla ya kuchora barabara, uliza kijiji kina vitongoji vingapi

Nikiletewa jedwali la kijiji cha India, lenye idadi ya watu na umbali wa kufika kituo cha basi, kwanza nauliza hao watu wanaishi upande gani wa kijiji. Kazi yangu ni kupanga usafiri wa vijijini, na barabara nyingi hukosewa hapo hapo.

Sensa ya 2011 iliorodhesha vijiji 640,867. Vyenye wakazi ni karibu 597,000. Vilivyobaki vina jina na mipaka, ila hakuna anayeishi humo, kwa sababu kijiji kwenye sensa hiyo ni eneo la ardhi lililosajiliwa na idara ya mapato. Ndani yake nyumba zinaweza kuwa zimekaa pamoja, au zikatawanyika katika vitongoji vinne vitano. Huduma isiyopatikana kijijini, kama basi au stesheni ya reli, huandikiwa herufi tu: a ikiwa iko chini ya kilomita 5, b ikiwa ni 5 hadi 10, c ikiwa ni zaidi ya 10. Herufi haisemi kama njiani kuna mlima.

Gehlaur, wilaya ya Gaya, jimboni Bihar, kulikuwa na mlima. Ng'ambo yake kuna Wazirganj, penye soko na stesheni ya reli ya Gaya hadi Kiul. Dashrath Manjhi, kibarua wa jamii ya Wamusahar, watu waliosukumwa chini kabisa katika ngazi za matabaka ya Kihindu, alianza kuuchonga mwaka 1960 kwa nyundo na patasi, baada ya mkewe, Falguni Devi, kuumia akipita humo. Alimaliza 1982. Njia yenyewe ina urefu wa mita 110 na upana wa mita 9 hivi, lakini safari kati ya Atri, upande wa Gehlaur, na Wazirganj ilishuka kutoka kilomita 55 hadi 15. Idadi ya watu wa Gehlaur haikubadilika kwa sababu ya zile mita 110. Kilichobadilika ni nani aliweza kufika hospitali siku hiyo hiyo. Manjhi alifariki 2007 na Bihar ikamzika kwa heshima za kiserikali.

Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulianza tarehe 25 Desemba 2000. Nauheshimu kwa jambo moja kubwa: haukuhesabu kijiji kizima, ulihesabu makazi, yaani nyumba zilizokaa pamoja. Sehemu za tambarare, makazi yenye watu 500 au zaidi yalistahili barabara inayopitika masika na kiangazi. Milimani, jangwani na maeneo ya makabila, 250. Makazi yaliyo ndani ya mita 500 baina yake yaliweza kujumlishwa ili kufikia idadi hiyo. Lakini aliye ndani ya mita 500 kutoka barabara nzuri alihesabiwa kuwa ameshaunganishwa, na hilo silikubali. Mwezi wa Julai Bihar, mpunga ukiwa umepandwa, mita hizo 500 ni tuta jembamba la shamba lenye maji pande zote mbili. Mpitishe hapo mama mwenye uchungu wa kujifungua.

Kitongoji kinachoachwa mara nyingi ni cha wanyonge, kwa kuwa nyumba zao zilitengwa pembeni tangu zamani. Lami huishia kwa wenye mashamba, na bajaji za abiria hugeuzia hapo hapo.

Sensa ya 2021 iliahirishwa. Inayofuata imepangiwa tarehe 1 Machi 2027, kwa hiyo takwimu za 2011 bado ziko mezani. Ukizitumia, anza na safu ya Scheduled Castes, yaani matabaka ya chini yaliyoorodheshwa na serikali, wakiwemo Wamusahar, kisha fungua picha ya setilaiti uhesabu mafungu ya mapaa. Idadi ya safu hiyo ikiwa kubwa, na lami ikiishia kwenye fungu moja tu, nenda ukatembee hadi fungu la mwisho, na uende masika.